Kujifunza Gamelan ya Java na ya Sunda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa msomaji wa Kiswahili aliyeisikia gamelan, muziki wa magongi wa kisiwa cha Java nchini Indonesia, mahali fulani, ikamkaa moyoni, na sasa anataka kujifunza kwa dhati. Vya kujifunzia vipo vingi, ila vimetawanyika, na karibu vyote viko kwa Kiindonesia, Kiingereza, Kijava au Kisunda. Ushauri unaopita katika majibu yote ni mmoja: sikio litangulie, mkono ufuate, karatasi ije mwisho. Wengi huanza na karatasi, wakajaza kompyuta mafaili ya nota, na baada ya miezi hawawezi kutambua gongi linapolia.

Gamelan ni nini hasa?

Ni kundi zima la ala zilizotengenezwa na kulinganishwa sauti pamoja, nyingi zikiwa za shaba iliyochanganywa na stani. Kuna magongi makubwa yanayoning'inizwa, kuna mengine madogo yanayolazwa juu ya kamba ndani ya fremu za mbao, na kuna ala za vibao vya metali zenye umbo la marimba. Humo huingia pia ngoma, rebab ambayo ni zeze la nyuzi mbili, filimbi ya mwanzi, marimba ya mbao, ala za nyuzi za kuchunwa, na waimbaji.

Ala za seti moja hazichanganywi na za seti nyingine, kwa sababu kila seti ina ulinganifu wake wa sauti. Seti zinazoheshimiwa hupewa jina la pekee, likitanguliwa na neno la heshima Kyai; ile ya kasri la Mangkunegaran mjini Surakarta huitwa Kyai Kanyut Mesem. Mwaka 2021 UNESCO iliiingiza gamelan katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Gamelan ya Wajava na ya Wasunda ni muziki mmoja?

Hapana, na hili ndilo jambo ambalo tovuti nyingi hulipita haraka mno. Wajava wengi wako Java ya Kati na Java Mashariki. Wasunda wako Java Magharibi, na wana lugha yao, mashairi yao na namna yao ya kupiga. Vitabu vingi vyenye neno gamelan kwenye jalada vinazungumzia Java ya Kati na Bali, kisha vinawapa Wasunda kurasa chache mwishoni. Kama ulichokisikia kilikuwa na filimbi inayoongoza wimbo juu ya magongi machache, huenda kilikuwa cha Wasunda, na ukianza na kitabu cha Java ya Kati utapotea.

Gamelan kamili ya Java ya Kati ni seti mbili zilizounganishwa: moja ya slendro, yenye sauti tano katika oktava, na nyingine ya pelog, yenye sauti saba. Wapigaji wanaweza kufika ishirini na zaidi, pamoja na waimbaji. Kitovu chake ni miji miwili yenye makasri, Surakarta ambayo watu huiita Solo, na Yogyakarta. Mtindo wa Solo huelezwa kuwa laini, wa Yogyakarta kuwa na nguvu na ukakamavu. Nje ya Indonesia walimu wengi hufundisha mtindo wa Solo, hivyo kabla ya kusoma kitabu chochote tazama mwandishi anaelezea mji gani.

Kwa Wasunda kuna aina mbili za kuzingatia kwanza. Gamelan degung ni ndogo, yenye wapigaji saba au wanane hivi: bonang yenye vigongi 14 vilivyopangwa kumzunguka mpigaji, ala za vibao, jengglong (vigongi vya sauti nzito), gongi, ngoma na filimbi. Zamani ilikuwa ala ya nyumba za watawala wa Kisunda. Mmoja wao, Wiranatakusumah V, alipohamishiwa mji wa Bandung mwaka 1920 kutoka Cianjur alihama na degung yake, na kutoka hapo ikaenea mjini. Gamelan salendro (ndivyo Wasunda wanavyoiita slendro) ndiyo inayosindikiza wayang golek, vikaragosi vya mbao, na ndiyo iliyozaa jaipongan, ngoma ya kucheza iliyobuniwa na Gugum Gumbira huko Bandung mwishoni mwa miaka ya 1970. Katika jaipongan mpigangoma ndiye bwana: kila hatua ya mchezaji ina pigo lake.

Ipo pia miziki ya Wasunda isiyo gamelan ila utaikuta kwenye rafu moja nayo, kama vile tembang Sunda Cianjuran, uimbaji wa ushairi unaosindikizwa na kacapi, ala ya nyuzi za kuchunwa, na filimbi. Wapenzi wa taarabu watulie hapo kidogo. Uzito wa maneno na pambo la sauti utawafurahisha.

Nianze kusikiliza nini?

Anza na Ketawang Puspawarna. Ni wimbo wa maua, unaohusishwa na Mangkunegara IV aliyetawala Mangkunegaran katikati ya karne ya 19. Rekodi yake maarufu ilifanywa na Mmarekani Robert E. Brown katika kasri la Pakualaman, Yogyakarta, mwaka 1971, chini ya uongozi wa Wasitodipuro, ambaye wengi wanamjua pia kwa jina la Cokrowasito. Rekodi hiyohiyo iliwekwa kwenye santuri ya dhahabu iliyorushwa angani na vyombo vya Voyager mwaka 1977. Inachukua chini ya dakika tano, na mzunguko wa gongi ni mfupi kiasi kwamba mgeni anaweza kuufuata.

Isikilize mara ya kwanza bila kufanya chochote. Mara ya pili ngojea gongi kubwa tu, na uinue kidole kila linapolia. Mara ya tatu tafuta kenong, sauti ya juu ya duara inayougawa mzunguko katikati. Ukishazipata hizo mbili bila kukisia, mfuate mwimbaji mmoja kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Kazi hii ya siku chache ina faida kuliko kusoma sura tatu za nadharia.

Katika mfululizo wa kampuni ya santuri ya Nonesuch, uliotoa rekodi hiyo, kuna pia rekodi za Mangkunegaran na za kasri la Yogyakarta, na zote zinafaa. Ukitaka kusikia mtunzi wa karne ya 20 aliyependwa na watu wa kawaida, tafuta Nartosabdho na kundi lake Condong Raos la Semarang. Alifariki mwaka 1985 lakini kaseti zake bado zinasikika.

Kwa Wasunda, albamu ya Tonggeret ya mwimbaji Idjah Hadidjah, akiwa na kundi la Jugala la Gugum Gumbira, ni mlango mzuri wa kuingilia jaipongan. Kwa wayang golek tafuta maonyesho ya Asep Sunandar Sunarya, aliyefariki mwaka 2014. Usiku mzima wa hadithi, utani na mapigo. Hata usipoelewa Kisunda, angalia jinsi ngoma inavyomjibu kikaragosi.

Kuna rekodi za bure?

Nyingi mno. Kasri la Yogyakarta lina chaneli yake ya YouTube, Kraton Jogja, na hurusha Uyon-uyon Hadiluhung, muziki unaopigwa kila baada ya siku 35 usiku wa kuamkia siku ya kuzaliwa ya Sultani kwa kalenda ya Kijava. Ubora wa sauti ni mzuri na kamera hukaa kwenye mikono ya wapigaji, jambo linalomsaidia sana anayejifunza akiwa mbali. Stesheni za redio ya taifa, RRI, za Solo na Yogyakarta zina historia ndefu ya kurusha gamelan na wayang, na maonyesho yake mengi yamepandishwa mtandaoni.

Hazina nyingine ni Lokananta, kampuni ya serikali ya kurekodi iliyoanzishwa Solo mwaka 1956. Santuri na kaseti zake ni kumbukumbu ya vizazi vya mabingwa. Ukiona neno Lokananta kwenye maelezo ya video, simama usikilize.

Jihadhari na video zenye kichwa cha "muziki wa kutuliza akili" zenye picha za maporomoko ya maji. Nyingi hazitaji kundi, mtindo wala jina la wimbo. Rekodi isiyo na jina la wimbo haina kazi kwa mwanafunzi, kwa sababu huwezi kuitafutia nota wala kuilinganisha na nyingine.

Vitabu gani vinafaa?

Kwa anayeanza kabisa na anayesoma Kiingereza, kitabu cha Neil Sorrell, A Guide to the Gamelan cha mwaka 1990, bado kinaeleweka vizuri. Kile cha Benjamin Brinner, Music in Central Java cha mwaka 2008, kinakufundisha kusikiliza hatua kwa hatua. Chagua kimoja, ukimalize.

Kwa Wasunda, anza na Henry Spiller, Focus: Gamelan Music of Indonesia, kwa kuwa mwandishi mwenyewe ni mtafiti wa muziki wa Java Magharibi na hakuuacha pembeni. Kisha tafuta Guide to Sundanese Music cha Simon Cook, kilichotoka Bandung mwaka 1992. Ni cha mtu aliyepiga ala hizo na kinaonyesha kila ala inafanya nini. Sean Williams ameandika juu ya tembang Sunda, Andrew Weintraub juu ya wayang golek.

Ukishapiga mwaka mmoja au miwili, na siyo kabla, ingia kwa waandishi wa Kijava wenyewe. Martopangrawit, mwalimu mkubwa wa Solo, aliandika nadharia ya karawitan, yaani muziki wa gamelan, kwa ajili ya wanafunzi wake. Maandishi yake na ya wenzake yalitafsiriwa katika mikusanyo mitatu iitwayo Karawitan: Source Readings in Javanese Gamelan and Vocal Music, iliyohaririwa na Judith Becker na Alan Feinstein kati ya mwaka 1984 na 1988. Chuo Kikuu cha Michigan kimeifungua ili isomwe bure mtandaoni. Kwa wanaosoma Kiindonesia, Bothekan Karawitan cha Rahayu Supanggah ndicho kitabu kinachoeleza garap, yaani namna mpigaji anavyoupa uhai wimbo mfupi ulioandikwa kwenye karatasi. Kitabu cha Sumarsam cha mwaka 1995 kinaeleza jinsi muziki huu ulivyobadilika chini ya Uislamu, ukoloni na mawazo ya Kizungu, na kimeandikwa na mtu aliyekulia ndani yake.

Music in Java cha Jaap Kunst hutajwa kila mahali. Ni kikubwa, kina vipimo na picha nyingi, lakini kiliandikwa wakati wa ukoloni wa Kidachi na si kitabu cha kujifunzia kupiga. Kitumie kama kumbukumbu.

Nota zinasomwaje?

Wajava hutumia tarakimu. Mfumo huitwa kepatihan, jina la makao ya waziri mkuu wa Surakarta ulikoanzia karibu na mwaka 1900. Slendro hutumia 1, 2, 3, 5 na 6, 4 haimo. Pelog hutumia 1 mpaka 7. Nukta juu ya tarakimu ni oktava ya juu, nukta chini yake ni oktava ya chini, na nukta iliyosimama peke yake mahali pa tarakimu maana yake sauti iliyotangulia inaendelea kulia. Alama ndogo juu ya tarakimu zinaonyesha kenong na kempul (magongi ya kati yanayoning'inizwa), na duara linaonyesha gongi.

Tarakimu hupangwa kwa mafungu ya nne, na kila fungu huitwa gatra. Hapa ndipo waliozoea muziki wa kwaya au bendi hujikwaa: uzito wa gatra uko kwenye tarakimu ya nne, si ya kwanza. Muziki wote unaelekea mwisho. Gongi halifungui mzunguko, linaufunga, na hapohapo safari nyingine inaanza. Hesabu "moja mbili tatu NNE" mpaka mwili ukubali.

Wasunda wana mfumo wao, damina, uliotungwa na Raden Machjar Angga Koesoemadinata katika miaka ya 1920. Sauti huitwa da, mi, na, ti, la na huandikwa 1 mpaka 5. Mtego wake ni huu: katika damina 1 ndiyo sauti ya juu na 5 ndiyo ya chini, kinyume cha kepatihan. Mtu akichukua karatasi ya degung na kuisoma kwa mazoea ya Kijava, wimbo utatoka umepinduliwa juu chini. Kabla ya kupiga karatasi yoyote uliyoipakua, hakikisha imetoka upande gani.

Kujua nota za kawaida za Kizungu kunasaidia?

Kidogo sana, na wakati mwingine kunakwamisha. Sauti za gamelan hazikai kwenye vibonyezo vya piano.

Nota za nyimbo zipo wapi?

Taasisi ya Marekani iitwayo American Gamelan Institute ina maktaba ya mtandaoni pamoja na matoleo ya jarida lake Balungan, lililoanza mwaka 1984. Tovuti ya gamelanbvg ina mkusanyo mkubwa wa nyimbo za Kijava zilizoandikwa kwa kepatihan, na makundi mengi ya nje huutegemea. Fonti za kepatihan za kuandikia kwenye kompyuta hupatikana bure pia.

Elewa lakini karatasi hiyo inakupa nini. Inakupa balungan, kiunzi cha wimbo. Mpigaji wa bonang, wa gender (ala ya vibao vyembamba), wa rebab na mwimbaji wanakijenga kiunzi hicho kwa kanuni walizojifunza kwa miaka, na sehemu zao mara nyingi haziandikwi. Wapo wanafunzi wenye nyimbo mia tano kwenye simu wasioweza kupiga moja. Nyimbo tano unazoziweza kwa kichwa, kwenye ala tatu tofauti, zitakufikisha mbali zaidi.

Za kuanzia kwa Kijava huwa ni zile za umbo la lancaran, zenye mizunguko mifupi, kama Ricik-Ricik, Manyar Sewu na Kebo Giro. Kisha huja ketawang yenye mapigo 16 kwa gongi moja, na ladrang yenye 32. Kwa degung walimu wengi huanza na Catrik au Jipang.

Irama ni nini, na kwa nini kila mwalimu anaisisitiza?

Irama ni uwiano kati ya mwendo wa balungan na mapigo ya ala za mapambo. Inasisitizwa kwa sababu bila irama huwezi kuelewa kinachotokea wimbo unapoonekana kupungua mwendo. Ngoma inapovuta nyuma, balungan inakuwa na nafasi pana kati ya sauti na sauti, na ala za mapambo zinaijaza nafasi hiyo. Msikilize peking, ndogo kuliko zote kati ya saron, ala za vibao vya metali. Katika irama tanggung hupiga mara mbili kwa kila sauti ya balungan. Katika irama dadi mara nne. Katika irama wilet mara nane. Kwa hiyo balungan imepoa, lakini mkono wa peking unaenda karibu kwa kasi ileile. Wimbo mmoja unaweza kupigwa kwa dakika moja au kwa dakika kadhaa bila kubadili hata tarakimu moja.

Zoezi lake halihitaji ala. Tafuta video ya ladrang inayopita kutoka tanggung kwenda dadi, gonga balungan kwa mguu, gonga peking kwa vidole mezani. Mguu utapunguza mwendo, vidole visipunguze. Rudia mpaka mpito huo usikushtue.

Sina ala wala kundi. Nifanye nini?

Imba. Wapigaji wa Java huimba tarakimu kwa majina yake ya kifupi: ji, ro, lu, pat, ma, nem, pi. Chukua lancaran moja, iimbe huku ukipiga makofi penye kenong na kugonga meza penye gongi. Ukiwa na ndugu wawili nyumbani, mpe mmoja kenong na mwingine gongi, nawe uimbe; tayari mna umbo la wimbo.

Programu za simu zinazoiga gamelan zipo na zinafaa kukumbuka mahali pa sauti kwenye saron au bonang. Hazikufundishi mguso wa mkono. Kwenye saron mkono wa kulia unapiga na wa kushoto unakizima kibao kilichotangulia wakati uleule unapopiga kinachofuata. Bila kuzima, sauti zote zinarundikana. Unaweza kulifanyia zoezi hilo juu ya vipande vya mbao.

Kinanda cha umeme hakitakupa sauti sahihi isipokuwa kiwe kinaruhusu kubadilisha ulinganifu wake. Na hata ukiubadilisha, unalinganisha na seti ipi? Slendro ya Solo na slendro ya kijiji cha jirani zinaweza kutofautiana waziwazi. Chagua rekodi moja unayoipenda na uifuate hiyo.

Nianze na ala ipi nikijiunga na kundi?

Kwa Kijava, saron au slenthem (ala ya vibao ya sauti nzito), kwa kuwa hupiga balungan yenyewe. Omba pia zamu ya kukaa kwenye kenong na magongi. Wageni hudhani gongi ni la asiyeweza kitu kingine, kumbe anayekosea gongi ameliangusha kundi zima. Gender, rebab na ngoma viachie miaka ya baadaye. Mwenye ngoma ndiye anayeongoza mwendo na mipito yote, naye lazima ajue kazi ya kila mtu. Kwa degung, anza na jengglong au saron, kisha bonang.

Naweza kwenda kusoma Indonesia?

Ndiyo, na hakuna kinacholingana na hilo. Vyuo vya sanaa vya serikali ni ISI Surakarta na ISI Yogyakarta kwa muziki wa Kijava, na ISBI Bandung kwa wa Kisunda. Serikali ya Indonesia ina ufadhili uitwao Darmasiswa, ulioanzishwa mwaka 1974, unaowapa wageni nafasi ya kusoma lugha na sanaa katika vyuo hivyo bila kutunukiwa shahada. Kuna pia mpango mfupi zaidi wa wizara ya mambo ya nje, unaoitwa IACS, ambapo vijana hukaa miezi michache wakijifunza sanaa na kumaliza kwa onyesho. Anayeishi Kenya au Tanzania aulizie kwa ubalozi wa Indonesia ulioko Nairobi au Dar es Salaam. Soma tangazo la mwaka husika kwa makini, hasa kama nauli ya ndege imo au haimo, maana masharti hubadilika.

Ukichagua Darmasiswa, usitosheke na darasa la chuo. Elimu yenyewe iko majumbani na kwenye sanggar, yaani vikundi vya mtaa vinavyofanya mazoezi jioni. Mwombe mwalimu akupeleke. Kaa nyuma ya mpigaji wa gender usiku kucha kwenye wayang, tazama mikono, usiulize sana. Masomo ya faragha nyumbani kwa bingwa hulipiwa. Uliza wenyeji wengine kiwango cha kawaida, na umlipe kwa heshima, pesa zikiwa ndani ya bahasha.

Kwa Bandung, pita pia Saung Angklung Udjo, kituo cha angklung, ala ya mianzi inayotikiswa, kilichoanzishwa mwaka 1966. Ni mahali pa watalii, kweli, lakini watoto wanaokulia pale wanapiga vizuri na utaelewa Wasunda wanavyofundisha kwa kuwashirikisha watu wote papo hapo.

Niko Ulaya au Amerika Kaskazini. Kuna makundi karibu?

London, kituo cha Southbank kina gamelan ya Kijava, Kyai Lebdhajiwa, zawadi ya serikali ya Indonesia iliyofika mwaka 1987. Chuo Kikuu cha York kina Gamelan Sekar Petak tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Paris, Philharmonie ina seti ya Kijava. Marekani ndiko kwenye makundi mengi zaidi nje ya Indonesia: mtafiti wa muziki Mantle Hood alianza kufundisha wanafunzi kupiga huko UCLA katika miaka ya 1950, akishikilia kwamba mtafiti lazima aweze kupiga muziki anaouandikia, na Chuo Kikuu cha Wesleyan kikawa nyumba ya Sumarsam. Muziki wa Kisunda umefundishwa kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz. Makundi mengi ya vyuo hupokea watu wa mtaani. Waandikie.

Ni lazima nijue Kiindonesia?

Kwa kupiga, si lazima mwanzoni. Kwa kusoma, ndiyo, mapema iwezekanavyo. Kiindonesia huandikwa kwa herufi za Kilatini, vitenzi vyake havigawanyiki kwa nyakati, na msomaji wa Kiswahili atakutana na maneno mengi ya asili ya Kiarabu anayoyatambua. Kijava ni kigumu zaidi, kwa kuwa kina ngazi za heshima: unavyozungumza na mwenzako sivyo unavyozungumza na mwalimu wako. Jifunze angalau salamu na shukrani za ngazi ya juu. Mwite mwalimu Pak (mwanamume) au Bu (mwanamke) na jina lake, kamwe si jina tupu.

Mimi ni Mwislamu. Je, kuna mambo ya ibada katika gamelan?

Swali hili huulizwa sana na wasomaji wa pwani. Wapigaji wengi wa Java na Sunda ni Waislamu. Kila mwaka katika Mfunguo Sita, gamelan kongwe za makasri ya Yogyakarta na Surakarta hutolewa na kupigwa kwa takriban wiki moja kwenye ua wa msikiti mkuu, kuelekea siku ya Maulidi. Sherehe hiyo huitwa Sekaten. Mapokeo ya Java yanawataja mawalii walioeneza dini kisiwani humo kuwa ndio walioutumia muziki huu kuwaita watu. Katika Ramadhani makundi mengi hupumzika, hivyo usipange safari yako ya masomo mwezi huo.

Utakuta pia maua na ubani mbele ya gongi kubwa, hasa usiku wa kuamkia Ijumaa. Wajava wenyewe wanatofautiana juu ya desturi hiyo. Hakuna atakayekulazimisha kushiriki, ila adabu ya chumba ni ya wote: vua viatu, usiruke wala kuvuka juu ya ala, usikae juu yake, ukipita mbele ya watu waliokaa inama kidogo.

Kuna uhusiano na marimba za Afrika?

Mwaka 1964 A. M. Jones, mmisionari Mwingereza aliyeishi Zambia, alitoa kitabu akidai kwamba marimba za Afrika zilitoka Indonesia, akitumia ulinganifu wa sauti kama ushahidi. Wataalamu wengi waliomfuata hawakukubali. Kufanana kwa vipimo hakutoshi kuthibitisha safari ya ala. Kwamba watu wa visiwa vile walivuka Bahari ya Hindi ni kweli, na lugha ya Madagaska ni ushahidi usiopingika, lakini marimba ni suala jingine.

Kwa mwanafunzi, kilicho muhimu ni kitu kingine. Aliyekulia na amadinda ya Buganda, ambapo wapigaji wawili wanaotazamana huingiza mapigo yao katikati ya mapigo ya mwenzake na wa tatu huokota sauti za juu, anaijua tayari kazi ambayo Wajava huiita imbal na Wasunda caruk. Wanafunzi wa Ulaya huhangaika nayo kwa muda mrefu. Huyu ataikamata upesi.

Shule au kikundi chetu kinataka kununua seti. Tuanzie wapi?

Mafundi wa kufua magongi wapo kijiji cha Wirun karibu na Solo, na mjini Bogor kuna karakana kongwe ya Pancasan inayowahudumia Wasunda. Mchanganyiko mzuri ni sehemu kumi za shaba kwa sehemu tatu za stani, hufuliwa kwa moto na nyundo na watu kadhaa wakipokezana, na gongi kubwa linaweza kupasuka mwishoni mwa kazi yote. Bei inaakisi hilo. Seti za chuma au shaba ya manjano ni nafuu mno na zinafaa kwa shule. Waulize kwanza kama gongi kubwa linaweza kuwa la mchanganyiko halisi wa shaba na stani, maana hapo ndipo tofauti inasikika zaidi.

Ushauri wangu kwa kikundi kidogo ni degung: watu wanane wanatosha, inaingia chumba kimoja, na inasafirishika. Lakini msinunue kabla ya kumpata mwalimu. Seti bila mwalimu huishia kufunikwa kitambaa.

Siku ya kwanza ya mazoezi nije na nini?

Nguo pana za kukalia chini miguu ikiwa imekunjwa, soksi safi, na pete zivuliwe zisikwaruze vibao. Fika mapema usaidie kufunua ala, na mwishoni usaidie kuzifunika. Usianze kugonga kabla hujaonyeshwa pa kukaa. Daftari litasaidia, ila likae chini mpaka mapumziko, na uombe ruhusa kabla ya kurekodi kwa simu. Ukipotea katikati ya wimbo, zima kibao ulichokipiga, ngojea gongi, uingie tena hapo.